Soda na Mandazi Si Bajeti ya Jamii

Hii ni hotuba niliyoitoa Kisumu mbele ya watafiti wa jenomu (jumla ya jeni zote za mtu), wafadhili, maafisa wa afya wa kaunti na kamati za jamii kutoka kando ya ziwa. Wengi mliokosa kufika mmeniomba niiandike. Nimeiacha ilivyotoka mdomoni, isipokuwa zile picha za ukutani, ambazo hata siku yenyewe hazikuonekana kwa sababu ya jua.

Oyawore! Mulembe! Bwakire! Chamgei! Na nyinyi mliokuja na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi, hamjambo?

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango, ndugu watafiti, wageni wetu wafadhili: asanteni kwa kunipa nafasi. (Sijui kwa nini kila mkutano jamii huketi mlangoni na wafadhili huketi chini ya feni, lakini hilo tuliache.) Mimi ni mwanaanthropolojia. Vijijini huniita daktari, na mtu akiniletea mtoto mwenye homa inabidi nimwambie mimi ni daktari wa maneno tu. Mzee mmoja wa Nyakach alinitazama akasema, "Basi hayo maneno yako yatibu kitu." Leo najaribu.

Nataka kuzungumza juu ya pesa. Najua pesa hazitajwi mapema hivi kabla watu hawajanywa chai. Tukikutana tunapenda kutaja ushirikiano, heshima, uaminifu. Ni maneno mazuri na mimi mwenyewe nimeyaandika mara nyingi. Lakini nimejifunza kuusoma mradi kuanzia nyuma, kwenye bajeti, kwa sababu huko ndiko unakosema kweli. Ukitaka kujua mtu anampenda nani, usimsikilize anavyoimba. Angalia anamtumia nani M-Pesa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliajiriwa na mradi mmoja wa jeni na malaria. Jina lake nitalihifadhi. Nilipewa bajeti niisome, kurasa kumi na moja. Kulikuwa na mashine ya kusomea jeni, kemikali za maabara, magari mawili, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hiyo friza ilikuwa na karibu ukurasa mzima wake: stabilaiza yake, jenereta yake, king'ora chake cha kuita mlinzi usiku ikipata joto, na fundi wake wa kutoka ng'ambo mara moja kwa mwaka. Nikatafuta jamii. Nikaipata ukurasa wa mwisho, chini ya "Mengineyo", katikati ya wino wa printa na dizeli. Imeandikwa: vinywaji na vitafunio, baraza moja.

Soda na mandazi. Hata mandazi yenyewe yalikuwa yamehesabiwa, moja kwa kila kichwa.

Tukaenda barazani, chini ya mwembe kwenye kambi ya chifu. Mtafiti mkuu akaeleza jenomu kwa dakika arobaini. Mkalimani akaimaliza kwa dakika tano. Mama mmoja akasimama, akauliza: hiyo damu mtaipeleka wapi? Nairobi. Na ikitoka Nairobi? Tukatazamana. Soda zikafunguliwa.

Wiki ya pili uvumi ukaanza. Lile gari jeupe ni la kachinja. Nyinyi mliotoka pwani mnamwita mumiani. Ni yule yule, mnyonya damu. Siku tuliyotarajiwa shuleni, madawati yalikuwa matupu. Wazazi walikuwa wamewaficha watoto kwenye mashamba ya miwa. Tulikaa wiki tisa bila sampuli hata moja. Madereva wanalipwa, wauguzi wanalipwa, friza inanguruma tupu. Mimi nikachukua kikokotoo, nikapiga hesabu jioni moja kwenye veranda: pesa zilizoliwa na wiki zile tisa zingemlipa mkaazi mmoja wa kijiji kile, kazi yake kusikiliza na kujibu tu, kwa karibu miaka minne.

Mnajua aliyetuokoa? Mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wakati ule hakuwa akilipwa na yeyote. Alisema, "Wachukueni wazee wakaone hiyo friji." Tukakodisha matatu, tukawapeleka wazee watano maabara. Fundi akafungua mlango, ule moshi wa baridi ukatoka, wazee wakarudi nyuma hatua mbili. Kisha mmoja akasogea. Akaomba kuona kichupa cha mjukuu wake, ambaye ni kati ya wale wachache tuliowapata wiki ya kwanza. Akaonyeshwa. Kichupa kidogo kama kidole cha mtoto, kina namba. Akauliza, "Mbona hana jina?" Tukamweleza kwamba namba inamficha mtoto, ili mtu yeyote akikiokota kichupa asijue ni cha nani. Mzee akafikiri. Akasema, "Hilo mngelisema siku ile ya soda."

Alirudi, akazungumza barazani kwa muda mfupi, na wiki iliyofuata foleni ilifika barabarani. Gharama yake? Matatu ya siku moja, na samaki wa kukaanga kwa watu wanane.

Sasa nawauliza ndugu zangu watafiti: friza ilikuwa na mtu wa kuamka usiku ikipata joto. Kijiji kilipopata joto, nani alikuwa analipwa kuamka?

Mabibi na mabwana, jambo hili si geni huku kwetu, na halikuanza jana. Niwarudishe nyuma kidogo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Anthony Allison, aliyekulia kwenye shamba kule Gilgil, hapo Nakuru. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa Oxford, alizunguka Kenya akikusanya damu. Aligundua kitu cha ajabu. Ile alama ya selimundu, sikoseli kama tunavyoiita sote hapa, yaani dalili kwenye damu kwamba mtu ana jeni ya ugonjwa huo, ilikuwa kwa watu wengi kando ya ziwa letu na kule pwani. Ukipanda nyanda za juu, inakuwa adimu. Kwa nini ugonjwa unaoua watoto ukae kwa watu wengi namna hiyo, na usiishe? Akashuku mbu. Mahali penye malaria nyingi ndipo penye selimundu nyingi.

Kuthibitisha, yeye na wenzake walichukua wanaume 30 Wajaluo, 15 wenye alama hiyo na 15 wasio nayo. Wakaambukizwa malaria makusudi. Kati ya wale 15 wasio na alama, vimelea vilikaa kwa 14. Kati ya wale 15 wenye alama, vilikaa kwa wawili tu. Makala ikatoka 1954 katika jarida la madaktari la Uingereza. Hadi leo, mwanafunzi wa biolojia popote duniani anafundishwa mfano huo: ukirithi jeni moja ya selimundu unapata ngao dhidi ya malaria, ukirithi mbili unapata ugonjwa.

Ni sayansi nzuri sana. Nasema hivyo bila kejeli. Na angalieni inavyotuvua ukabila: ile jeni haikufuata kabila, ilifuata mbu. Mgiriama wa Kilifi na Mjaluo wa Nyando hawasikilizani lugha, lakini wamepigana vita vilivyo sawa. Mtu akikuambia sikoseli ni ugonjwa wa kabila fulani, mpeleke akaangalie ramani ya mbu.

Lakini hebu nambieni. Allison tunamjua. Wale wanaume 30 ni akina nani? Walikuwa watoto wa boma gani? Waliporudi nyumbani waliwaambia nini wake zao kuhusu homa ile? Kati yenu humu ndani kuna mjukuu wa mmoja wao? Inawezekana kabisa, na hajui. Jina la Allison linafundishwa vyuoni. Yale majina 30 hayafundishwi popote. Kwa miaka 70 damu ya kando ya ziwa hili imekuwa kwenye vitabu, na wenye damu wako kwenye mlango wa ukumbi.

Sasa nije kwenye hadithi ambayo ndiyo hasa imenileta hapa. Ni nzito kidogo, na nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asitambulike.

Miaka michache baadaye nilikuwa kwenye mradi mwingine, wa selimundu yenyewe. Itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ilitaka damu ya watatu: baba, mama, mtoto. Watu wa takwimu wanapenda sana watatu hao, kwa sababu unaona jeni inavyoshuka. Kamati ya maadili ikapitisha. Fomu ya ridhaa ikatafsiriwa, tena vizuri. Kila kitu sawa.

Siku ya kurudisha majibu tulikuwa kwenye gari, mimi na muuguzi, nje ya boma moja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kuku wanachakura. Muuguzi akafungua bahasha, akasoma, akanyamaza. Akanipa. Mtoto: jeni mbili za selimundu. Mama: moja. Baba: hana hata moja.

Kwa wale ambao si watu wa maabara: mtoto huyu alihitaji kupokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Baba ambaye hana hawezi kuitoa. Kwenye maabara jambo hilo linaitwa kutolingana kwa urithi, unaiondoa familia hiyo kwenye hesabu, unaendelea na kazi. Kwenye boma lile jina lake ni lingine. Ni mwanamke kufungashiwa vitu vyake. Ni mtoto mgonjwa kupoteza nyumba wiki ile ile anayopata jina la ugonjwa wake.

Tulikaa ndani ya gari dakika arobaini. Baba alikuwa ametuona, ametoa viti nje, anavipangusa maji kwa shati lake. Sisi tuko ndani na bahasha. Tukampigia simu mtafiti mkuu. Hakuwa na jibu. Tukatafuta kwenye itifaki; hakuna. Tukatafuta mshauri nasaha wa mradi. Hakuwepo, kwa sababu mshauri nasaha alikatwa kwenye bajeti pale sarafu iliposhuka. Friza haikukatwa.

Tulishuka, tukanywa chai, tukasema mashine imechelewesha majibu. Tulidanganya. Nasema mbele yenu, tulidanganya. Siku mbili baadaye tulimwita mama kliniki pamoja na mtoto, tukampa majibu ya mtoto peke yake, tukamwandikisha kwenye kliniki ya selimundu. Aliposikia kwamba kila mzazi anatoa jeni moja, alitazama chini. Hakuuliza kitu. Na mimi sikusema kitu.

Jioni ile nikamsimulia mhudumu wetu wa afya ya jamii, bila majina. Akaniuliza swali moja tu: "Kwani damu ya baba mlikuwa mnaitakia nini?"

Ndugu zangu, swali hilo lina thamani kuliko mashine yetu. Kwa sababu tulipolirudisha kwa watu wa takwimu, walikuna vichwa, wakakubali kwamba swali kuu la mradi lingejibika bila baba. Ingehitaji watoto wengi zaidi, basi. Tukabadilisha itifaki. Lakini swali lilikuja miezi kumi na minne baada ya kuanza, kutoka kwa mtu ambaye angeliuliza siku ya kwanza kama angelikuwa mezani, na angelikuwa mezani kama kungelikuwa na pesa za kumweka mezani.

Hapo ndipo ninapotaka wafadhili wanisikilize. Naomba mkiangalie kile kipindi cha kabla ya sindano ya kwanza. Miezi sita, hata mwaka mmoja, wa kulipia watu kuzungumza: wanasayansi wa maabara, wa jamii, wauguzi, akina mama wenye watoto wagonjwa, wazee. Kulipia, sio kuwaalika. Mkulima akiacha shamba lake siku nzima kuja kuwasomea itifaki, hiyo ni kazi ya kitaalamu. Mshauri wa kutoka London mnamlipa kwa siku. Yule mnamrudishia nauli ya bodaboda na mnataka risiti. Bodaboda wa Ahero anatoa risiti wapi?

Kuna watu watasema, hizi ni ndoto. Nani amewahi kutenga pesa za jenomu kwa ajili ya mambo ya jamii? Jibu: ule mradi mkubwa kuliko yote. Mradi wa Jenomu ya Binadamu, wa kusoma herufi za urithi wa mwanadamu, ulioanza 1990 na kukamilika 2003, Wamarekani walitenga sehemu ya bajeti yake, kwanza 3%, baadaye 5%, kwa masuala ya maadili, sheria na jamii. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Wanafalsafa, wanasheria na wanasosholojia walilipwa kutoka mfuko ule ule uliolipia maabara. Asilimia hizo hazitoshi, na wapo waliolalamika kwamba ziliwafanya wanajamii kuwa wapambe tu wa harusi. Lakini ilikuwa mstari wenye namba, haikuwa "Mengineyo".

Na huku Afrika tulikuwa na H3Africa, mpango wa utafiti wa jenomu na afya, uliotangazwa 2010 na taasisi za afya za Marekani, NIH, pamoja na shirika la ufadhili la Wellcome la Uingereza na chama cha wanajenetiki wa Afrika. Kwa miaka kumi hivi, hadi 2022, pesa zilikwenda moja kwa moja kwa watafiti wa Kiafrika, wakaongoza wao, na masuala ya maadili na ushirikishaji wa jamii yakapewa watu na nafasi. Wengi wenu humu mlisomeshwa na pesa hizo. Haikuwa kamilifu, lakini ilionyesha inawezekana.

Na kwa nini dunia itujali? Kwa sababu inatuhitaji. Mwaka 2019 watafiti walihesabu kwamba kati ya watu wote walioingizwa kwenye tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa, 78% walikuwa wenye asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa 2%. Bara ambalo binadamu wote walitokea, lenye jeni za aina nyingi kuliko penginepo, asilimia mbili! Kwa hiyo watakuja. Wanakuja tayari. Swali ni watakuja na bajeti ya namna gani.

Maana tukikosea, damu haisahau. Kule Arizona, Marekani, kuna kabila la Havasupai wanaoishi ndani ya korongo kubwa la Grand Canyon. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa chuo kikuu, wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye wakagundua damu hiyo imetumika kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, kuoana kwa ndugu, hata walikotoka mababu zao, jambo ambalo lilikwenda kinyume na simulizi yao ya asili. Kesi ikaenda miaka. Mwaka 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Wakaenda wenyewe kuichukua kutoka kwenye friza. Sisi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaja data ya jeni kuwa nyeti. Sheria nzuri. Lakini sheria haiendi kijijini kwa miguu. Lazima mtu aipeleke, na mtu huyo anakula.

Niseme kidogo kuhusu jiko. Wenzetu wa Bomet na Uasin Gishu wanajua saratani ya umio, ile tunayoiita ya koo, inavyowamaliza watu, wengine wakiwa vijana kabisa. Wanajenetiki wakasema, tusome jeni. Sawa, someni. Lakini kuna watafiti walioingia jikoni na kipimajoto wakapima chai inavyonywewa, kwa sababu tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Kuna waliopima mursik, yale maziwa ya kuganda ya kwenye kibuyu, wakakuta asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Sasa ingia kwenye nyumba ya Mkalenjin umwambie mursik ni mbaya, uone utakavyotoka. Ile ni harusi, ni mkimbiaji akitua uwanja wa ndege na medali. Inahitaji mtu anayejua kibuyu kinaoshwaje, mkaa wa mti gani unasuguliwa ndani, nani anakunywa kwanza. Huyo si mpambe wa mwanajenetiki. Bila yeye, mwanajenetiki ana herufi bilioni tatu za jenomu na hajui azilinganishe na nini.

Tumtendee haki kila mtu: na sisi wa sayansi ya jamii tuna makosa yetu. Tunapenda kuja tumechelewa, tukalaumu. Tunaandika makala ndefu ambazo mtu wa maabara hawezi kuzisoma, kisha tunashangaa hatualikwi. Tunamhoji mama saa mbili na nusu, tunaondoka na kinasa sauti, hatarudishiwa hata neno. Hiyo nayo ni damu. Mama mmoja wa Muhoroni aliniambia, "Nyara (yaani binti yangu), wale wa sindano angalau hukaa dakika tano."

Turudi kwenye pesa. Mwaka jana nani hapa hakuguswa? Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa. Mei, NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mikataba midogo kwa taasisi za nje mpaka iweke mfumo mpya. Na sisi wengi tulikuwa nini? Mikataba midogo. Chuo cha Marekani kinashika ruzuku, kinatukatia kipande. Tena kwa miaka mingi NIH ilitulipa gharama za uendeshaji zisizozidi 8%, wakati vyuo vikubwa vya kwao vilikuwa vikijadiliana na kupata zaidi ya 50%. Umeme wa huku ni wa bei nafuu hivyo? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwaka jana tulionekana.

Mnajua nani alitoka kwanza? Kwenye mradi mmoja ninaoujua, friza iliendelea kulipiwa. Ni sawa, sampuli zikiyeyuka hazirudi. Lakini wale wafanyakazi kumi na wawili wa vijijini waliachishwa kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku. Mmoja alinisomea ujumbe wake. Ulianza na "Mpendwa mshirika". Wiki iliyofuata alikutana sokoni na akina mama aliowachukua damu watoto wao. Walimuuliza majibu yako wapi. Yeye ndiye aliyesimama pale karibu na mafungu ya omena akijibu kwa niaba ya mabara mawili.

Serikali yetu nayo nisiiache. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Taifa ya Utafiti ipate 2% ya pato la taifa kila mwaka. Imeandikwa. Mheshimiwa wa kaunti uliye hapa, sikulaumu wewe, lakini zipelekee salamu zile ofisi za juu. Hatujawahi kuzikaribia hizo mbili. Na kaunti inaweza kuanza na kidogo: mshahara wa mtu mmoja anayebaki mradi ukiisha. Mradi una miaka mitano. Jeni haina miaka mitano. Mtoto aliyepimwa leo ataoa baada ya miaka ishirini, atarudi kuuliza. Atamkuta nani?

Na labda tukiwauliza watu, watabadilisha hata swali. Mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu. Ni ushindi mkubwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi milioni 280. Niliwasimulia akina mama wa kikundi cha wazazi huku kwetu. Wakacheka, wakapiga makofi, wakafurahi kweli kwamba mtu mahali fulani amepona. Kisha wakaniambia wanachotaka: mtoto apimwe siku anayozaliwa, kabla hajafa kwa homa ambayo hakuna aliyeijua. Penisilini isikose zahanati. Na haidroksiyurea, ile dawa ambayo utafiti uliohusisha watoto wa Kilifi ulionyesha 2019 kwamba inawafaa watoto wa Kiafrika na hata malaria ilipungua, ipatikane karibu na nyumbani. Mmoja akaongeza: na mtu wa kuja kuongea na mama mkwe.

Hebu niulize wafadhili: mstari wa kuongea na mama mkwe uko kwenye fomu yenu ya maombi? Mnacheka. Mimi sichekeshi. Nimeona mtoto aliyekosa dawa miezi minne kwa sababu nyanya yake aliamini mama ndiye aliyeileta laana bomani.

Nimeonyeshwa karatasi ya dakika mbili, kwa hiyo nikatishe. Pendekezo letu jipya, lile la selimundu katika kaunti tatu, tumeliandika kinyume na mazoea. Miezi tisa ya kwanza haina sindano. Mwanasayansi wa jamii na mwanajenetiki wanaongoza pamoja, kila mmoja na fungu lake, hakuna wa kumwomba mwenzake. Pesa za kurudisha majibu zimefungwa kando, haziguswi hata sarafu ikianguka. Baba hapimwi. Na rasimu, kabla haijaenda kwa mfadhili yeyote, tumeikabidhi kamati ya jamii waikague, kwa malipo.

Sasa nampisha mwenyekiti wa kamati hiyo, mama yetu kutoka Nyando. Ameniomba nisizungumze sana kwa sababu yeye ana mengi. Ninaona ameibeba bajeti yetu, na kuanzia hapa ninaona ukurasa wa tatu una kalamu nyekundu. Mama, pita mbele. Na jamani, mmoja wenu pale chini ya feni ampishe kiti.